Bango Lile Lile

Mabango ni yale yale, ishirini na sita,
ya mbao nyepesi, kijani chake kimechujuka.
Kila baada ya miaka minne Verlene Kosich huyatoa ghalani,
huyapangusa vinyesi vya mbayuwayu,
kisha hubandika mwaka mpya juu ya mwaka uliopita,
na ule ulibandikwa juu ya mwingine,
hata tarehe imevimba kama shavu la mwenye jino bovu.

Mimi ndiye ninayeyapigilia.
Nyundo yangu, misumari yake,
ujira pai mbili za tufaha.
Tunafuata barabara ya mgodini, kando ya waya wa miba,
upepo wa Wyoming ukitusukuma mgongoni
kama mdai asiye na adabu.
"Unausikia, Lonnie? Huu wote unapita bure."
Nami humjibu nikiwa na misumari mdomoni,
yaani simjibu.

Mara ya kwanza, bodi ya maji: kura mia mbili na kumi na mbili.
Mara ya pili, baraza la kaunti: mia mbili na tisa.
Alitaka kujua ni nani wale watatu waliomhama.
Wawili wamekufa, nikamwambia.
Wa tatu hatujampata hadi leo.
Mara ya tatu, seneti ya jimbo,
akashindwa na mtu aliyezikwa wiki mbili kabla ya uchaguzi,
jina lake likiwa bado kwenye karatasi.
Mji ulicheka hadi Krismasi. Yeye pia alicheka,
lakini nilimwona akikunja kitambaa cha meza,
akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, husemwa.
Basi huyu ni mshindani kwelikweli.

Sasa niseme langu.
Mwaka wa dhoruba, Februari,
nguzo za umeme zilianguka moja baada ya nyingine
kama walevi walioshikana mabega.
Siku nne mji mzima giza, isipokuwa dirisha moja kilimani.
Paneli zake zilifunikwa na theluji; akapanda paani na ufagio,
mwanamke wa miaka sitini na minane, kamba kiunoni,
akazifagia kama mtu afagiaye uwanja kabla ya wageni.
Na wageni tukafika:
huyu na simu yake, yule na maziwa ya mtoto ya kupasha,
mimi na Doreen wangu kwenye sleji,
na mashine yake ya oksijeni mapajani.
Ilinguruma jikoni kwa Verlene usiku kucha.
Hakutaja siasa. Aliuliza tu nani anataka mayai.

Novemba ile aligombea mara ya nne. Nilimnyima kura.

Usinihukumu haraka. Mwanangu Garth yuko mgodini,
pensheni yangu imetoka kwenye makaa,
kikohozi changu pia.
Mkono unaokulisha huuumi, hata ukiwa na masizi.
Nilitia alama penye jina la mwingine, nikatoka ukumbini,
nikaenda kung'oa mabango yake, maana hiyo nayo ni kazi yangu.
Akanipa pai. Ilinikwama kooni. Nikameza.

Mwaka huu ana sabini na mbili. Goti la kushoto halikunjiki.
Mkutano wa kwanza, ukumbi wa zimamoto:
watu kumi na mmoja, mbwa mmoja,
na bwana wa kampuni aliyesimama karibu na mlango.
Hakusema habari za kuokoa dunia.
Alisoma bili yake ya umeme kwa sauti, sifuri nukta sifuri,
kisha akafungua daftari la wachimbaji
watakaotafuta kazi siku mgodi ukifungwa.
Majina, si idadi. La Garth lilikuwa la saba.
Hakukosea hata herufi.

Jioni hii tumepigilia la mwisho, pale daraja la reli.
Treni ya makaa ikapita, mabehewa mia moja na kumi;
tukangoja kimya, kama watu wanaopisha jeneza.
"Utanipigia safari hii?"
"Kura ni siri, Verlene."
"Haya. Na pai nayo ni siri."
Nikaupiga msumari. Ukapinda.
Nikauchomoa, nikaunyoosha juu ya jiwe.